Kichwa cha Treni Kisicho na Dereva



Tukisikia ajali ya treni, wengi wetu hufikiria treni ya abiria iliyo safarini. Lakini ziko ajali nyingi zisizotangazwa sana, nazo hutokea ndani ya yadi, yaani uwanja wa reli ambamo mabehewa hukatwa na kuungwa upya kabla ya safari. Zamani kazi hii ilihitaji dereva juu ya kichwa cha treni na wenziwe chini, wakielekezana kwa ishara za mkono, taa au redio. Siku hizi, katika yadi nyingi za Kanada na Marekani, kichwa hutembea kitupu. Anayekiendesha yuko chini, amejifunga kifuani kisanduku chenye vitufe, mfano wa rimoti ya televisheni.

Kampuni za reli zina hoja yake. Anayeona mabehewa yanapogusana ndiye huyo huyo anayeshika breki, basi hakuna ujumbe wa kupotea njiani. Na kisanduku kina ulinzi wake. Mtu akianguka, kisanduku kikalala upande, hutoa mlio wa onyo, na asipokisimamisha breki za dharura hufunga. Mawimbi ya redio yakikatika, treni husimama. Asipogusa kitufe chochote kwa kiasi cha dakika moja, mashine humwonya, kisha husimama yenyewe.

Ama hatari iko mahali pengine. Dereva aliyekaa juu ya kiti huhisi uzito wa treni mgongoni mwake: husikia injini ikilemewa, huhisi mabehewa yakimsukuma kwenye mteremko. Aliye chini hahisi lolote katika hayo. Huenda yuko mwisho wa mabehewa 70, na kichwa kiko mbali asikokuona. Tena wakati huo huo anatembea juu ya kokoto, anageuza njia za reli na kuongea na mwenzake. Kisanduku kinajua kwamba mtu ameanguka. Hakijui kwamba amesimama baina ya mabehewa mawili, wala kwamba njia ya mbele ina kitu. Wapo wafanyakazi waliopoteza maisha wakiwa na kisanduku hicho kifuani.

Tuchukue tukio moja. Usiku wa tarehe 17 Juni 2016, katika yadi ya MacMillan karibu na Toronto, wafanyakazi wawili walikuwa wakivuta mabehewa 74, karibu yote yamejaa, uzito wa tani 9,000 hivi. Walitaka kutoka kidogo kwenye njia kuu, kisha warudi nyuma waingie njia nyingine. Walipotaka kusimamisha, treni haikusimama. Ilishika mteremko ikaenda yenyewe kiasi cha kilometa 5, ikafikia kasi ya kama kilometa 48 kwa saa, hali kazi za namna hii aghalabu hazipiti kilometa 24. Ilisimama ilipokuta mwinuko. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Rimoti haikuharibika. Shida ni kwamba walitegemea breki za vichwa peke yake, na breki za upepo za mabehewa hazikuwa zikitumika. Ndani ya yadi hufanywa hivyo kila siku ili kuokoa muda, na kwa mabehewa machache penye tambarare haidhuru. Kwa tani 9,000 penye mteremko, ni sawa na kushikilia ng'ombe kwa uzi. Amri ya kusimama ilifika. Nguvu ya kuitekeleza haikuwepo.

Mamlaka ya reli ya Marekani ilitoa mwongozo juu ya vichwa hivi mwaka 2001, na mwaka 2012 ikaweka kanuni za jinsi vyombo vyenyewe vitakavyoundwa. Lakini kwa maoni yangu kanuni yenye uzito zaidi ni ile ya mwaka 2008, inayotaka mtu ahakikishe kwa macho kwamba njia ni tupu kabla ya kusukuma mabehewa, awe na dereva au awe na rimoti.

Jamaa zetu wanaoishi huko watakuta kwenye maingilio ya baadhi ya yadi vibao vinavyoonya kwamba vichwa huenda havina mtu ndani. Mwambieni mtoto maana yake: kumpungia mkono dereva hakumsimamishi, kwa sababu hakuna dereva wa kumwona.