Udhibiti wa sigara za kielektroniki katika maeneo ya umma

Udhibiti wa sigara za kielektroniki katika maeneo ya umma ni jumla ya sheria, kanuni na taratibu zinazoeleza mahali ambapo mtu anaruhusiwa au haruhusiwi kuvuta sigara inayotumia betri. Maeneo yanayohusika kwa kawaida ni ofisi, shule, hospitali, mikahawa, baa, vyombo vya usafiri na majengo mengine yanayotumiwa na watu wengi.

Nchi hutofautiana sana katika jambo hili. Sababu moja ni kwamba sheria nyingi za kuzuia uvutaji ziliandikwa kwa ajili ya tumbaku inayowashwa moto na kutoa moshi, ilhali sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Hivyo swali la kwanza ambalo watunga sheria hukutana nalo ni kama tendo hili lihesabiwe kuwa uvutaji au la.

Kifaa na mvuke wake

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik wa China. Kifaa kina betri, waya wa kupasha joto na sehemu ya kuhifadhia kimiminika. Kimiminika hicho huwa na propilini glikoli, gliserini, vionjo na mara nyingi nikotini. Mtumiaji anapovuta, waya hupata joto na kimiminika hugeuka kuwa ukungu ambao kwa kawaida huitwa mvuke. Ukungu huo si mvuke wa maji tu: ni matone madogo sana yanayobeba kemikali za kimiminika kile.

Sigara ya kawaida huendelea kutoa moshi hata ikiwa imeshikwa tu mkononi. Sigara ya kielektroniki haifanyi hivyo. Kinachoingia hewani zaidi ni kile ambacho mtumiaji anakitoa kwa pumzi. Mwaka 2018 Akademia za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti iliyosema kuna ushahidi thabiti kwamba kutumia vifaa hivi ndani ya jengo huongeza nikotini na chembechembe hewani. Ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba kiasi kinachowafikia watu walio karibu ni kidogo kuliko kile cha sigara za kawaida. Kila upande wa mjadala hutegemea sehemu mojawapo ya matokeo haya.

Hoja za pande mbili

Wanaotaka masharti makali husema kwamba hewa yenye madhara kidogo kuliko moshi bado si hewa safi. Hutaja watoto, wajawazito na wagonjwa wa pumu. Hutaja pia wafanyakazi: mteja wa baa asiyependa mvuke anaweza kuondoka, lakini mhudumu hukaa humo zamu nzima. Hoja nyingine ni kwamba vijana wakizoea kuona watu wakivuta kila mahali, uvutaji wenyewe utaonekana tena kuwa jambo la kawaida.

Wanaopinga husema kwamba watumiaji wengi ni watu waliokuwa wakivuta sigara na wanajaribu kuiacha. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa kutoka nje na kusimama pamoja na wavutaji, anarudishwa penye kishawishi alichokuwa akikikimbia. Mwaka 2016 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilitoa ushauri kwa waajiri na wenye majengo ikiwataka watofautishe vifaa hivi na sigara za kawaida, huku wakizingatia usalama wa watoto na watu wenye matatizo ya kupumua.

Njia za kisheria

Njia ya kwanza ni kuingiza vifaa hivi katika sheria za uvutaji zilizopo. Jimbo la New Jersey nchini Marekani lilifanya hivyo mwaka 2010. Baraza la Jiji la New York lilipiga kura Desemba 2013, na marufuku katika maeneo ya ndani ikaanza Aprili 2014. Mwaka 2016 serikali kuu ya Marekani ilipiga marufuku matumizi yake ndani ya ndege za abiria.

Njia ya pili ni kumwachia mwenye jengo aamue. Nchini Uingereza, sheria iliyoondoa moshi katika maeneo ya ndani ya England kuanzia Julai 2007 haikugusa sigara za kielektroniki, hivyo mikahawa na kampuni za usafiri ziliweka masharti yao zenyewe. Serikali ya Wales ilijaribu kwenda mbali zaidi. Muswada wake ulipendekeza marufuku, ambayo baadaye ilipunguzwa ihusu maeneo machache kama shule na vyombo vya usafiri. Tarehe 16 Machi 2016 kura zililingana, 26 kwa 26, na muswada ukaanguka. Sheria ya afya ya umma ya mwaka 2017 ilipitishwa bila kifungu hicho.

Njia ya tatu ni kuzuia bidhaa yenyewe. Singapore ilipiga marufuku kununua, kumiliki na kutumia vifaa hivi kuanzia Februari 2018. India ilizuia utengenezaji, uagizaji na uuzaji wake mwaka 2019.

Afrika Mashariki

Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu udhibiti wa tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005, unazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 8 kuwakinga watu dhidi ya moshi wa tumbaku. Mwaka 2014 mkutano wa wanachama uliofanyika Moscow ulizialika nchi hizo kufikiria pia kuwakinga wasiotumia sigara za kielektroniki dhidi ya mvuke wake.

Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007, kabla vifaa hivi havijaenea. Nchini Kenya muswada wa marekebisho unaogusa bidhaa mpya za nikotini uliwasilishwa katika Seneti mwaka 2024. Uganda ilichukua njia ya marufuku: sheria yake ya mwaka 2015 inazuia kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, na inakataza kuvuta tumbaku katika maeneo ya umma na ndani ya mita 50 kutoka maeneo hayo. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitupilia mbali shauri la kampuni ya tumbaku lililopinga sheria hiyo.

Utekelezaji

Kusimamia masharti haya ni kugumu kuliko kusimamia marufuku ya sigara za kawaida. Kifaa hakiachi majivu wala kichungi, mvuke hupotea upesi, na vingine vinafanana na kalamu au flashi ya kompyuta, jambo linalowatatiza walimu shuleni. Kwa sababu hiyo sheria hufanya kazi vizuri zaidi inapokitaja kifaa waziwazi, inapoeleza mipaka ya eneo linalohusika, na inapomtaja anayewajibika kuweka mabango na kumzuia mvunjaji. Sheria inapotaja moshi pekee, mhudumu anayemwomba mteja aache kuvuta hana kifungu cha kumwonyesha.