Matone mekundu chini ya gari: mbuzi wasiuzwe kwanza

Mwezi huu ukurasa wa kazi za mikono tumepewa sisi vijana wa gereji.

Papa mmoja wa Juru alituletea Land Cruiser yake ya sirii 80, otomatiki, zile za miaka ya 1990. Gari hiyo ndiyo shamba lake. Inapeleka watu na magunia Mbarara, inarudi na bidhaa za maduka, na pesa ya shule ya watoto inatoka humo. Sasa ikawa inamwaga mafuta mekundu. Fundi mmoja wa mjini aliinama mara moja tu, akainuka akasema giaboksi imekwisha, itafutwe nyingine. Papa alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kununua mbuzi wake, na kwenye kikundi cha akiba ameomba mkopo.

"Papa, tuachie gari siku mbili," tulimwambia.

"Watoto wangu, siku mbili ni pesa nyingi."

Lakini alituachia.

Kwanza tuliweka karatasi nyeupe chini usiku kucha, tukaandika juu yake upande wa mbele uko wapi. Asubuhi karatasi ilikuwa na madoa mekundu. Oili ya injini ya dizeli ingekuwa nyeusi. Oili nzito ya difu na ya transfa ina harufu kali inayokaa kwenye vidole. Maji ya rejeta siku hizi nayo huwa mekundu, ila hayatelezi kama mafuta. Na hapa wengi wanadanganyika: kwenye Toyota hizi pawa stelingi nayo inatumia mafuta yale yale mekundu ya ATF. Kwa hiyo tulifungua kopo la stelingi tukatazama. Lilikuwa limejaa vizuri, basi tukajua mafuta yanatoka upande wa giaboksi.

Ukiingia chini ya gari kama hiyo, kila kitu kimelowa. Sampo imelowa, kengele ya giaboksi imelowa, hata transfa ina vumbi lililoganda na mafuta. Ndipo fundi wa haraka anaposema giaboksi imekufa. Lakini gari ikitembea, upepo unatoka mbele kwenda nyuma, na mafuta yanafuata upepo. Tone unaloliona nyuma limezaliwa mbele na juu zaidi. Tuliosha chini yote kwa sabuni na brashi, injini ikiwa baridi, tukakausha, halafu tukapaka poda ya mtoto kila mahali palipokuwa pamelowa. (Mama mwenye poda bado anatudai.) Tukaendesha kama nusu saa kwenye barabara ya vumbi, tukarudi, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukaingia chini na tochi.

Poda ya sampo ilikuwa nyeupe bado. Ya kengele ilikuwa nyeupe. Mstari mwekundu ulianzia mbele kabisa, kwenye mpira unaounganisha paipu ya mafuta na rejeta, maana mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya rejeta. Mpira ulikuwa umepasuka chini ya klipu. Mtu alishawahi kuufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli! Tyubu ikikutana na mafuta inavimba na kulainika, haikai. Tulinunua mpira unaostahimili mafuta na joto, siyo ule wa maji, na klipu mbili. Mbuzi wamebaki zizini.

Hatusemi kila gari itapona hivyo. Poda ikilowa kuzunguka ukingo wa sampo, ni gasketi au nati zilizolegea. Hizo kazeni kidogo kwa zamu, bila nguvu nyingi, maana ukingo wa bati ukipinda utavuja zaidi kuliko mwanzo. Angalieni pia ekseli fupi ya mkono wa gia ubavuni mwa giaboksi, na pale bomba la kijiti cha kupimia linapoingia. Ila mafuta mekundu yakitoka ndani ya kengele, kati ya injini na giaboksi, mara nyingi ni oili sili ya mbele, na hapo hakuna njia fupi: giaboksi lazima ishuke. Dawa za kumimina eti zinaziba zenyewe, sisi hatuziamini.

Kuna tatizo jingine ambalo karatasi haitaonyesha. Mafuta yanapungua kila wiki na chini hakuna hata tone. Hapo fungueni nati ya kupimia ya transfa. Sili ya kati ikifa, mafuta ya giaboksi yanahamia transfa, inajaa kupita kiasi na oili yake inakuwa nyepesi. Na mkiona maji ya rejeta yamekuwa kama maziwa ya waridi, msiwashe gari tena. Kipoza kimetoboka ndani, na maji yakiingia giaboksi ndipo inakufa kweli.

Jambo la mwisho ni kupima, maana tumeona watu wanaongeza mafuta kila siku wakifikiri wanasaidia. Gari ikae mahali pa tambarare, iwe imetembea mpaka ikapata moto, injini inawaka polepole, breki imekanyagwa. Pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi, rudisha kwenye P, ndipo uchomoe kijiti na kusoma alama za moto. Ukipima injini imezimwa, kijiti kinadanganya, kwa sababu mafuta ya konveta hushuka kwenye sampo. Ndiyo sababu pia gari iliyolala siku kadhaa huvuja kuliko ile ya kila siku. Mafuta yakizidi yanatoa povu na kutokea kwenye kipumulio, halafu unaanza kutafuta tundu ambalo halipo.

Papa wa Juru alikuja tena Jumamosi tukampimia. Kijiti kilikuwa pale pale, mafuta mekundu safi, bila harufu ya kuungua. Alikuwa na haraka, abiria wa Mbarara walikuwa wanamngoja barabarani.