Sakafu ya Gari la Kulalia: Ijenge Ukijua Utaifungua Tena

Haisi ikishamaliza miaka yake ya kubeba abiria au mizigo, bado kuna kazi moja inayoifaa sana: kugeuzwa nyumba ndogo ya safari. Kitanda nyuma, jiko pembeni, tangi la maji, betri ya kuwashia taa. Wengi wanaoanza kazi hii huwaza kitanda na makabati kwanza, sakafu wanaipa asubuhi moja tu. Wanatandika plaiwudi juu ya bati, wanabandika mkeka wa plastiki kwa gundi, wanasonga mbele. Hapo ndipo kazi inapoharibikia, kwa sababu kila kitakachofuata kitasimama juu ya sakafu hiyo, na kilicho chini yake hakitaonekana tena.

Kanuni ninayoishikilia ni moja: sakafu ya gari ijengwe kwa namna itakayofunguka. Ifungwe kwa boliti, isigandishwe kwa gundi, na kila tabaka lichaguliwe kwa kuuliza litafanya nini siku litakapolowa.

Maji yanavyofika

Maji hulifikia bati kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoka chini: matundu ya boliti za viti vilivyong'olewa, raba zilizokauka, mishono ya bodi iliyoachia. Ya pili ni kutoka juu: viatu vilivyolowa, dumu lililopinduka, bomba la sinki linalovuja. Ya tatu ndiyo isiyotarajiwa, nayo ni hewa yenyewe. Watu wawili wakilala ndani milango imefungwa, pumzi na jasho lao hutoa karibu nusu lita ya maji kwa usiku mmoja.

Chukua usiku wa Julai kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Tuseme hewa ya ndani ina nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 70. Hewa ya namna hiyo huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzi 12 hivi. Bati la sakafu, linalopigwa na upepo kwa chini, laweza kuwa na nyuzi 10 au pungufu. Litatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, ila jasho hili liko chini ya plaiwudi, mahali ambapo hakuna wa kulifuta.

Pwani tatizo ni jingine: chumvi. Gari lililobeba samaki kutoka Feri, Dar es Salaam, au lililolazwa miaka mingi karibu na bahari, lina chumvi kwenye kila mkunjo. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, na usiku wa pwani mara nyingi hupita hapo. Bati la gari hilo hubaki na unyevunyevu hata mvua isiponyesha. Ukipaka rangi juu ya chumvi, umeifungia kutu ndani pamoja na chakula chake.

Bati kwanza

Kwa hiyo kazi huanza kwa maji yasiyo na chumvi, mengi, na brashi ngumu. Osha, acha likauke jua kali, osha tena. Kisha piga kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka magamba yote yatoke. Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipake dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kuwa tabaka gumu jeusi, halafu rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Bati lililotoboka lisizibwe kwa puti. Likatwe, lichomelewe kipande kipya, na kabla ya kuchomelea fundi aondoe tangi la mafuta na kufungua betri.

Kabla ya kutoboa tundu lolote jipya, ingia chini ya gari na tochi. Huko kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya na bomba la moshi. Weka alama kwa chaki juu ya sakafu panapolingana na kila kimoja. Angalia pia tairi la akiba linashushwaje. Kama boliti yake hufikiwa kutoka ndani, iache wazi. Vitundu ambavyo mtengenezaji aliviweka vya kutolea maji visizibwe.

Povu na plaiwudi

Kuna wanaodhani tabaka la kuzuia joto ni mambo ya nchi za theluji. Kwetu lina kazi mbili: kuzuia joto la lami na la injini, na kuitenga hewa ya ndani na bati baridi. Tumia povu gumu la polistairini lenye vyumba vilivyofungwa, lile ambalo ukilikata linaonekana laini bila punje. Unene wa milimita 25 unatosha. Povu jeupe la punje, lile la kufungia televisheni, hubonyea kirahisi na maji hupenya kati ya punje zake.

Usilibandike kwa gundi ya viatu wala gundi yoyote yenye petroli. Povu litayeyuka mbele ya macho yako na kuacha mashimo. Usilitandike pia jirani na injini, ambayo kwenye Haisi iko chini ya viti vya mbele, wala moja kwa moja juu ya sehemu ya bomba la moshi inayochemka, kwani aina hii hulegea joto linapokaribia nyuzi 75. Hapo tumia sufi ya mawe.

Mafundi wengi hukata vipande vyembamba vya povu na kujaza mabonde ya bati. Mimi nayaacha matupu. Povu likilala juu ya migongo linashikiliwa vya kutosha, na yale mabonde yanabaki kuwa njia ya maji kutoka na ya hewa kupita.

Juu ya povu ni lazima kuwe na ubao mgumu, na sababu yake ni hesabu. Povu zuri la aina hii hubeba kilopaskali 300 hivi, sawa na tani 30 kwa mita moja ya mraba. Inaonekana nyingi, lakini mtu wa kilo 80 akisimama kwa kisigino kimoja chenye sentimita 20 za mraba, anakandamiza kwa kilopaskali 400. Plaiwudi ya milimita 12 hutawanya uzito huo. Nunua ile yenye gundi isiyoogopa maji. Mara nyingi mistari ya gundi yake pembeni ni myeusi. Ukiwa na shaka, omba kipande kidogo ukichemshe saa kadhaa: kikiachana tabaka, irudishe dukani. Ubao wa unga wa mbao usiuguse kabisa, huvimba kwa maji ya siku moja.

Paka vanishi pande zote, hasa kingo, kwa kuwa hapo ndipo mbao hunywa maji. Acha nafasi ya milimita 5 kati ya ubao na ukuta wa gari, la sivyo ubao utalia kila unapopita kwenye tuta.

Kufunga

Gari lililokuwa la abiria lina matundu ya viti yenye nati zilizochomelewa tayari. Hapo ndipo mahali pa kufungia sakafu. Kwenye kila tundu kata povu, weka kijiti cha mbao ngumu chenye unene uleule, ndipo upitishe boliti. Bila kijiti, kila ukikaza unabonyeza povu, na sakafu inabaki na mabonde.

Kitanda na makabati yafungwe mpaka kwenye bati, yasiishie kwenye plaiwudi. Katika mgongano mkali nguvu yaweza kufika mara 20 ya uzito. Kabati la kilo 30 litavuta kama mzigo wa kilo 600, na waliokaa mbele ndio watakaolipokea.

Kwa juu, mkeka wa plastiki unatosha. Marumaru ya milimita 8 ina kilo 18 hivi kwa mita ya mraba. Kwa sakafu ya mita za mraba 4.5 hizo ni kilo 80, na itapasuka bodi inapojipinda njiani. Gawa sakafu vipande viwili au vitatu, kila kimoja na mkeka wake, maungio yafunikwe kwa ukanda wa alumini wenye silikoni chini yake. Kwenye mlango wa pembeni ndipo maji huingia zaidi, hivyo kipande cha hapo kifunguke bila kusogeza kitanda.

Kila mwaka, masika yakishapita, fungua kipande hicho na utazame bati. Kutu ya ukubwa wa sarafu huisha kwa msasa na rangi, kazi ya jioni moja. Ukiiacha miaka mitatu, itabidi utoe kitanda, jiko na makabati ili fundi wa kuchomelea apate pa kupiga magoti.