Damu ya Farasi Yatibu Mguu wa Farasi

Ndugu msomaji, tuseme leo asubuhi umekwenda kumfungua punda wako ili akachukue maji. Hatua ya kwanza anachechemea. Hatua ya pili anachechemea. Unatazama mguu wake wa mbele. Nyuma ya mguu, chini ya goti, pamevimba. Ukipagusa pana joto. Utafanya nini?

Jirani mmoja atasema, "Mchape, atazoea." Jirani wa pili atasema, "Lete chuma cha moto, tumchome." Jirani wa tatu atasema, "Nimesikia nchi za nje farasi anatibiwa kwa damu yake mwenyewe."

Maneno ya huyu wa tatu ni ya kweli. Leo tutaeleza tiba hiyo ni nini na inasaidia kiasi gani. Kisha tutaona mfugaji wa punda anaweza kujifunza nini kutokana na farasi hao.

KANO NI NINI?

Bila shaka umewahi kuona ng'ombe akichunwa. Nyuma ya mguu wake kuna kamba nyeupe, ngumu, inayong'aa. Hiyo ndiyo kano. Kano inaunganisha msuli na mfupa. Msuli ukivuta, kano inauvuta mfupa, na mguu unakwenda.

Farasi na punda ni ndugu. Miguu yao imejengwa kwa namna moja. Chini ya goti la mbele hakuna minofu. Kuna mifupa, kano na ngozi tu.

Kano imefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba, kama kamba ya katani. Farasi akikimbia, kano inavutika na kurudi, kama mpira wa manati. Farasi mkubwa ana uzito wa karibu kilo 500. Akikimbia kwa kasi, kuna wakati mguu mmoja tu wa mbele ndio unaokanyaga chini. Nguvu inayoubana mguu huo inazidi mara 2 ya uzito wa mwili wake.

Tena kano inapata joto. Wataalamu walipima joto la ndani ya kano ya farasi anayekimbia. Walikuta linafika nyuzi 45. Joto la kawaida la mwili wa farasi ni karibu nyuzi 38. Kazi hii ikirudiwa siku nyingi, nyuzi za kano zinaanza kukatika kidogo kidogo. Siku moja zinakatika nyingi pamoja, na mguu unavimba.

Punda wako hashindani mbio. Lakini anabebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Anatumbukia shimoni. Anakimbizwa mteremkoni na mkokoteni nyuma yake. Kano yake nayo inaweza kuumia.

KWA NINI INACHELEWA KUPONA?

Jeraha la ngozi hupona upesi, kwa sababu ngozi inapata damu nyingi. Kano inapata damu kidogo. Kwa hiyo kano iliyoumia sana inahitaji miezi 9 hadi 12 kupona, na wakati mwingine zaidi.

Tena haiponi ikawa kama zamani. Inaziba kwa kovu. Kovu ni gumu, halivutiki vizuri. Fikiri kamba iliyokatika, nawe ukaiunga kwa fundo. Kamba inashika, lakini penye fundo si kama mwanzo. Ndiyo maana farasi wengi waliopona huumia tena wakirudi kwenye mbio.

MOTO HAUPONYI KANO

Kwa mamia ya miaka watu wa Ulaya walichoma miguu ya farasi kwa chuma cha moto. Hata hapa Afrika Mashariki wapo wafugaji wanaomchoma mnyama anayechechemea. Waliofanya hivyo waliona farasi wengine wakipona, wakasema, "Moto umemponya."

Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walikuta kwamba kuchoma hakukuisaidia kano kupona. Mwaka 1991 baraza la madaktari wa mifugo la Uingereza likasema kuchoma farasi hakufai.

Basi wale farasi walioponaje? Farasi aliyechomwa aliuguza vidonda. Mwenyewe hakuweza kumpanda. Akamwacha malishoni miezi mingi. Kilichomponya ni yale mapumziko. Moto ulipewa sifa isiyo yake.

Tena kidonda cha moto ni mlango wa vijidudu. Farasi na punda hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko wanyama wengi. Hata jina la ugonjwa lina punda ndani yake. Unaweza kumchoma punda kwa ajili ya mguu, ukampoteza kwa pepopunda.

TIBA ZA DAMU NA UBOHO

Sasa tuje kwenye tiba mpya. Ziko za namna 3 zinazotumika zaidi.

Ya kwanza ni ya chembe zinazogandisha damu. Ukijikata kidole, damu inatoka, kisha inaganda. Zinazoanza kazi hiyo ni chembe ndogo sana zilizomo ndani ya damu. Chembe hizo pia zinatoa vitu vinavyouamsha mwili ujenge upya mahali palipoumia. Daktari anachota damu shingoni mwa farasi, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa au zaidi. Anaitia katika mashine inayoizungusha kwa kasi. Damu inajitenga, kama maziwa na malai yake. Daktari anachukua sehemu yenye chembe nyingi, anaipiga sindano ndani ya kano.

Ya pili ni ya maji ya damu. Hii hasa ni ya maungio, kama goti au kifundo cha mguu. Damu inatiwa katika bomba lenye shanga ndogo za kioo. Inawekwa mahali penye joto kama la mwili kwa muda wa karibu siku nzima. Chembe za damu zinatoa vitu vya kutuliza uvimbe. Kisha maji ya damu yanatengwa na kupigwa sindano ndani ya ungio la farasi yuleyule.

Ya tatu ni ya seli shina. Mwili wote umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Seli shina ni seli changa, ambazo bado zinaweza kukua kuwa seli za namna mbalimbali. Daktari anazitoa katika uboho wa mfupa wa kifua au wa nyonga. Zinalelewa maabara kwa wiki kadhaa mpaka zinafika mamilioni. Kisha zinarudishwa kwa sindano ndani ya kano. Daktari anaongoza sindano kwa mashine ya picha, kama ile inayomwonyesha mama mjamzito mtoto aliye tumboni.

Mwaka 2003 Roger Smith na wenzake wa Royal Veterinary College, London, waliandika habari za farasi wa kwanza kutibiwa kano kwa njia hii. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliruhusu kuuzwa kwa dawa ya kwanza ya seli shina ya farasi. Hiyo ni ya kutibu maungio.

Zamani ilidhaniwa kwamba seli hizo zinageuka kuwa kano mpya. Sasa imeonekana kwamba nyingi hazikai pale kwa muda mrefu. Yaelekea kazi yao kubwa ni kuziamsha seli zilizopo na kupunguza uvimbe. Ni kama fundi mkuu anayekuja kuelekeza wajenzi, kisha akaondoka.

JE, TIBA HIZI ZINASAIDIA?

Mwaka 2012 zilitolewa habari za farasi 113 wa mbio waliotibiwa kano kwa seli shina. Katika kila 100, karibu 27 waliumia tena. Katika uchunguzi wa zamani, waliotibiwa kwa njia nyingine walioumia tena walikuwa wengi zaidi.

Hiyo ni habari njema. Lakini kumbuka habari ya moto. Farasi hao 113 nao walipumzishwa. Walitembezwa polepole kwa mpango wa karibu mwaka mzima. Wala hawakuwekwa kando farasi wengine wa kulinganisha, waliopumzishwa tu.

Kwa hiyo mwaka 2013 ulitolewa uchunguzi mwingine. Farasi 12 waligawanywa makundi 2. Sita walipigwa sindano ya seli shina. Sita walipigwa sindano ya maji ya chumvi tu. Wote walipewa mazoezi yaleyale. Baada ya miezi 6, kano za waliopewa seli zilikuwa karibu zaidi na kano nzima kuliko za wenzao. Basi tiba inaelekea kusaidia. Lakini farasi 12 ni wachache, na uchunguzi bado unaendelea.

Jambo moja ni hakika. Hakuna daktari anayepiga sindano hizi kisha akamrudisha farasi mbioni wiki ijayo. Sindano inayasaidia mapumziko. Haiwezi kuyaondoa.

JIHADHARI NA WADANGANYIFU

Tiba hizi zinahitaji daktari wa mifugo, maabara safi na mashine. Gharama yake ni kubwa. Hazipatikani josho la kijijini.

Ndugu msomaji, akija mtu anakuuzia unga au vidonge vya "seli shina", vya mnyama au vya mtu, usitoe fedha yako. Seli hai hazikai ndani ya unga mkavu. Huhifadhiwa katika ubaridi mkali sana, au husafirishwa zikiwa hai ndani ya maji maalumu. Pia usikubali mtu asiye daktari amchome punda wako sindano kwenye ungio. Uchafu ukiingia ndani ya ungio unaweza kumlemaza kabisa.

WEWE UFANYE NINI?

Mapumziko hayauzwi maabara. Yako mikononi mwako. Fanya hivi:

1. Mtue punda mzigo siku ileile. Usimlazimishe hata safari moja.

2. Inua mguu, utazame kwato kwanza. Mara nyingi punda anachechemea kwa sababu ya mwiba, jiwe, msumari au usaha ndani ya kwato.

3. Kama kano imevimba na ina joto, mwagia mguu maji baridi kwa dakika 15 hadi 20. Rudia mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku za mwanzo.

4. Usimchome moto. Usimkande kwa maji ya moto siku za mwanzo. Usimpe vidonge vya watu.

5. Mwite bwana mifugo. Kama kifundo kimeshuka hadi karibu kugusa ardhi, au punda hawezi kukanyaga kabisa, mwite upesi.

6. Mweke katika zizi dogo lenye kivuli, maji na majani. Mweke karibu na punda mwenzake. Punda aliyezoea mwenzake akitengwa hukosa raha na huweza kuacha kula.

7. Bwana mifugo akiruhusu, mtembeze dakika chache kila siku bila mzigo. Ongeza kidogo kidogo. Mzigo wa kwanza uwe mwepesi.

Najua utauliza, "Na maji nani atachota?" Hilo ni swali la haki. Miezi mingi bila punda ni mzigo kwa mama na watoto. Zungumzeni na jirani mapema, kabla punda hajaumia. Mkiwa nyumba 5 zenye punda, mmoja akiumia wale 4 wanaweza kupokezana kuleta maji. Kumpumzisha punda ni hasara ya miezi. Kumlazimisha kunaweza kuwa hasara ya punda mzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kano inachelewa kupona kuliko ngozi?

2. Watu walifikiri moto unaponya kano. Ni kitu gani hasa kilichokuwa kinaiponya?

3. Punda wa mmoja wenu akiumia kesho, maji ya nyumba yake yataletwaje?