Wilhelm Hofmeister, muuza vitabu aliyeunganisha ukoo wa mimea

Wilhelm Hofmeister alizaliwa mwaka 1824 mjini Leipzig, Ujerumani. Baba yake alichapa na kuuza vitabu na noti za muziki, tena alikuwa mpenzi wa mimea. Wilhelm hakusoma chuo kikuu: aliingia katika biashara ya baba yake, na alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, aliinamia hadubini. Macho yake hayakuona mbali, lakini vitu vidogo vya karibu havikumpita.

Siku hizo Matthias Schleiden, bingwa wa elimu ya mimea aliyeogopwa, alifundisha kwamba kiinitete cha mmea hutoka kwenye chavua, na ua hukipa malazi tu. Mwaka 1849 Hofmeister alionyesha kuwa kiinitete hukua kutokana na yai lililokwisha kuwamo ndani ya ua, na chavua hulirutubisha.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1851, naye ana miaka 27. Humo alilinganisha jinsi mimea ya aina mbalimbali inavyozaana. Chukua kangaga. Chini ya majani yake kuna madoa ya kahawia yanayotoa vumbi la spora. Spora ikianguka penye unyevu haiwi kangaga, bali kijimea kidogo chembamba cha kijani, mara nyingi chenye umbo la moyo. Hicho ndicho chenye mayai na mbegu za kiume, ambazo huogelea majini kulifuata yai, na yai lililorutubishwa ndilo huwa kangaga. Vizazi viwili, basi, hupokezana zamu. Hofmeister aliiona zamu hiyohiyo kwenye kuvumwani, ingawa huko kizazi chenye mayai na mbegu za kiume ndicho kikubwa, na hata kwenye misonobari na mimea ya maua, ambako kizazi hicho kimefichwa ndani ya chavua na kijiyai, yaani sehemu inayokuja kuwa mbegu. Mimea iliyodhaniwa haina udugu ikawa ya ukoo mmoja, miaka minane kabla ya Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi.

Mwaka 1863 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimpa uprofesa, jambo la ajabu kwa mtu asiyewahi kuwa mwanafunzi wa chuo. Alihamia Tübingen mwaka 1872, akafariki mwaka 1877.

Alikuwa amebashiri kwamba hata katika jamii ya misonobari huenda zikapatikana mbegu za kiume zinazoogelea. Mwaka 1896 Mjapani Sakugoro Hirase alizikuta kwenye mti wa ginko, ndugu wa mbali wa misonobari.