Mzigo mzito haushiki barabara: msuguano na miteremko ya Kinole

Masika yakishika kasi, kushuka kutoka Kinole huwa kazi nyingine kabisa. Kata hii iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, upande unaopokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, na karibu kila kinachovunwa huku lazima kiteremshwe: ndizi, mananasi, machungwa, pilipili manga. Zamani mzigo ulishuka kichwani juu ya ngata. Siku hizi bodaboda wamechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, mikungu imefungwa kwa mipira nyuma ya kiti na dereva amesogea mpaka kwenye tangi.

Utasikia vijiweni kwamba pikipiki yenye mzigo mzito hushika barabara. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kuwa vitu viwili vinapogusana, msuguano kati yao huongezeka kadiri vinavyokandamizwa. Uzito ukiwa mara mbili, msuguano nao ni mara mbili. Tatizo ni kwamba kwenye mteremko uzito huohuo ndio unaokuvuta chini, na mvuto wake pia unakuwa mara mbili. Ukiongeza mkungu, umeongeza mshiko na umeongeza mvuto kwa kiasi kilekile, hesabu inabaki palepale. Kinachoamua kama utateleza ni tairi, udongo na ukali wa mteremko.

Anayeumia ni breki. Chukua pikipiki, dereva na mzigo vyenye jumla ya kilo 300. Kila vikishuka mita 100 za kimo kwa mwendo usiobadilika, nishati inayotolewa inatosha kuchemsha karibu lita moja ya maji. Dereva aliyeweka nyutro ili abane mafuta ameiachia breki karibu joto lote hilo. Breki shoo zikichemka kupita kiasi, msuguano wake na ngoma hupungua; unakanyaga, pedali inakwenda, chombo hakipungui mwendo, na harufu ya kuungua inakufikia kabla hujajua kinachoendelea. Gia ya kwanza au ya pili huipa injini sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia mwendo. Mafuta yanayookolewa kwa nyutro hayafiki hata robo ya gharama ya mguu uliovunjika.

Halafu kuna matope. Chembe za mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, chini ya sehemu mbili za elfu za milimita. Zikiwa kavu hung'ang'aniana. Zikilowa, maji hukaa katikati yake na kubeba sehemu ya uzito uliopaswa kuzikandamiza pamoja, ndipo zinapopishana kirahisi. Kashata za tairi nazo hujaa udongo, na tairi mpya inageuka kipara kwa muda.

Hapo ndipo kukanyaga breki kwa hofu kunapomwangusha mtu. Tairi linapozunguka vizuri, sehemu inayogusa ardhi huwa imetulia juu yake kwa kitambo kidogo, na msuguano wa vitu vilivyotulia ni mkubwa kuliko wa vitu vinavyoteleza. Gurudumu likifunga, umehama kutoka ule mkubwa kwenda ule mdogo, na usukani haukusikii tena. Kama msuguano wa tairi na tope umeshuka hadi sehemu tatu za kumi za uzito unaolikandamiza, mteremko wa nyuzi 17 tu unatosha kulifanya gurudumu lililofunga liendelee kuteleza. Breki zote mbili zibanwe taratibu, na mapema, kabla ya kona.

Waenda kwa miguu hawakuhitaji somo hili. Mtazame mama aliyebeba tenga akishuka penye utelezi: magoti amekunja, nyayo ameziweka upande, hatua fupi. Hatua ndefu husukuma ardhi kwa mbele, hatua fupi huikandamiza kwa chini, na msuguano unapenda kukandamizwa. Kandambili zilizolika amezishika mkononi, kwa sababu vidole vya mguu hupenya ule utando wa juu na kufika kwenye udongo mgumu.

Anayeanguka hukutana na msuguano kwa namna nyingine, ngozi ikiburuzwa kwenye kokoto. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri ndiyo kinga kubwa: mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha inapunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni haimo katika hesabu hiyo. Mchubuko uoshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ufunikwe kwa kitambaa safi, bila majivu wala oili chafu. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, kwa hiyo mwenye jeraha lililoingia udongo aende zahanati akaulizwe alichanjwa lini mara ya mwisho, hata kama anatembea vizuri.