Meza ya Jangwa Bila Shimo Haijaiva

Wasee wengi wakitaka kucheza vita ya jangwa na vifaru vidogo humwaga mchanga wa njano kwa meza, wanadunga mitende mbili, wanasema hiyo ni Misri. Zii, manze. Pale El Alamein, 1942, ardhi ilikuwa ngumu, mawe mawe na vichaka vya miiba. Na venye hakukuwa na pa kujificha, kila mwinuko na kila kibonde kilipiganiwa noma.

Mimi kenye hunibamba ni kibonde. Usiku wa 26 Oktoba, Waingereza waliingiza mizinga 19 ya pauni 6, ya kupiga vifaru, kwa shimo flani halina kina, karibu na Kidney Ridge, wakaliita Snipe. Kesho yake vifaru vya Wajerumani na Waitaliano vikawajia mara kadhaa. Mizinga ilikuwa imelala chini, kuispoti ni ngori. Zaidi ya vifaru 30 vikachapwa, na kamanda wa Waingereza hapo, Victor Turner, akapewa nishani ya Victoria Cross. Weka hao mabuda kwa meza flati uone: watamalizwa raundi ya kwanza.

Meza haichimbwi, so inua hizo sehemu zingine zote. Tafuta stairofomu ya kwa katoni za TV, funika meza, kata yai refu hapo kati, alafu piga kingo msasa zishuke polepole. Kina usikibahatishe, pima na mzinga wako: magurudumu yazame, mdomo uchungulie. Snipe ilikuwa na urefu wa mamia ya mita, na hata kwa skeli ya 1/72 hiyo bado ni meza ya mita kadhaa, so urefu utaubana tu. Kina usiguse.

Paka gluu nyeupe ya maseremala, mwagia mchanga umechekechwa, kokoto ziende kwa kingo. Rangi iwe ya maji, juu ile ya kupuliza hula stairofomu. Anza na kahawia imekolea. Ikikauka, chukua krimu kwa brashi karibu kavu, pitisha juu juu mawe yashike mwanga. Vichaka ni nyuzi za kamba ya katani, fupi fupi, zijae ndani ya shimo.

Alafu inama, jicho liwe level na meza, cheki kutoka upande wa adui. Ukiona magurudumu, ongeza layer ingine.